Laana ya Miaka 86 ya Boston Red Sox: Ni Nini Hasa Kilitokea?

Mashabiki wa Liverpool wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wamelizoea jina la Fenway, maana ndilo jina la kampuni inayoimiliki klabu yao tangu Oktoba 2010. Dirisha la usajili likifunguliwa, jina hilo hutajwa, mara kwa sifa, mara kwa lawama. Na mara nyingi huambatana na hadithi moja: kwamba hao ndio matajiri waliovunja laana ya miaka 86 bila kombe katika timu ya besiboli ya Boston Red Sox, nchini Marekani. Wengine husimulia kwamba timu ilimuuza mchezaji bora kuliko wote, Babe Ruth, ili mwenye timu apate hela za mchezo wa kuigiza. Wengine humtaja mtu aitwaye Buckner, aliyepitisha mpira katikati ya miguu yake na kuipotezea Boston kombe.

Yapo ya kweli ndani yake, lakini yamekatwa vipande na kuunganishwa vibaya. Aliyeumia zaidi kwa uunganishaji huo ni Bill Buckner, ambaye alibebeshwa kwa miaka zaidi ya ishirini mzigo usiokuwa wake peke yake. Ukiijua kanuni moja au mbili za mchezo, utaona mwenyewe kwa nini.

Mchezo wenyewe

Besiboli huchezwa na timu mbili za wachezaji 9. Moja hupiga, nyingine hulinda uwanja. Mrushaji wa timu inayolinda husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji na kumrushia mpira. Mpigaji ana rungu la mbao na hujaribu kuupiga. Akiukosa, au akiuacha mpira mzuri upite, anahesabiwa straiki. Straiki tatu, katoka. Kuna jambo dogo hapa litakalotufaa baadaye: mpira uliopigwa ukaangukia nje ya mistari nao ni straiki, ila kwa kawaida hauwezi kuwa ya tatu. Kwa hiyo mpigaji mwenye straiki mbili anaweza kuendelea kupangua mipira nje na kubaki hai. Mrushaji naye akirusha mipira minne mibovu, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure.

Vituo ni vinne, vimepangwa mraba, kila upande mita 27.4. Cha nne ndicho nyumbani, pale pale anaposimama mpigaji. Anayevizunguka vyote akarudi nyumbani ameipatia timu yake pointi. Mpira ukipigwa chini, mlinzi akauokota na kuufikisha kituo cha kwanza kabla ya mpigaji, mpigaji katoka. Ukidakwa hewani, katoka. Ukivuka uzio ndani ya mistari, hiyo ni homurani: mpigaji na wenzake wote waliokuwa vituoni wanarudi nyumbani bila kusumbuliwa.

Wakitolewa watu watatu, zamu inahamia upande wa pili. Zamu ya wageni na zamu ya wenyeji hufanya awamu moja, mchezo una awamu 9, na kukiwa na sare awamu huongezwa hadi mshindi apatikane. Mwenyeji hupiga mwisho. Hakuna kipenga cha kumaliza, wala hakuna kukaa na mpira kwenye kibendera cha kona ili dakika ziishe. Anayeongoza lazima amtoe mtu wa mwisho, na mara nyingi katika historia ya Boston, mtu huyo wa mwisho hakutoka.

Ligi kuu ya Marekani ina matawi mawili, American League na National League. Mabingwa wa matawi hayo hukutana Oktoba katika fainali iitwayo World Series, na wa kwanza kushinda michezo minne huchukua kombe.

Ruth aliuzwa, lakini si kwa ajili ya Nanette

Red Sox ilianza na enzi njema. Ilitwaa World Series ya kwanza kabisa, mwaka 1903, kisha 1912, 1915, 1916 na 1918. Uwanja wake wa Fenway Park ulifunguliwa Aprili 1912 na bado unatumika. Babe Ruth alifika Boston mwaka 1914 akiwa mrushaji wa mkono wa kushoto, na mrushaji hodari kweli: katika fainali ya 1916 alirusha awamu 14 za mchezo mmoja dhidi ya Brooklyn akaruhusu pointi moja tu. Baadaye ikagundulika kwamba kupiga anaweza zaidi. Mwaka 1919 alipiga homurani 29, rekodi ya wakati huo.

Mwishoni mwa Desemba 1919 mwenye timu, Harry Frazee, alimuuza kwa New York Yankees, na habari ikatangazwa Januari 1920. Bei ilikuwa dola 100,000. Juu yake ukawekwa mkopo wa dola 300,000, na dhamana ya mkopo huo ni uwanja wa Fenway wenyewe. Tafakari maana yake: mpinzani amemchukua mchezaji wako bora, na sasa anashikilia hati ya uwanja wako.

Frazee alikuwa mtayarishaji wa michezo ya kuigiza, ndiyo maana watu wakasema alimuuza Ruth ili agharimie tamthilia ya nyimbo iitwayo *No, No, Nanette*. Tarehe zinakataa. Tamthilia hiyo ilifika New York mwaka 1925, na Frazee alikuwa ameshaiuza timu mwaka 1923. Kilichombana mwaka 1919 ni madeni, likiwemo deni la mtu aliyemuuzia timu, Joseph Lannin. Ruth naye alikuwa anadai mshahara wake wa dola 10,000 uongezwe mara mbili. Pesa za maonyesho na pesa za timu zilitoka mfuko mmoja, hilo ni kweli, lakini kisa cha Nanette hakisimami.

Mauzo hayakuishia kwa Ruth. Waite Hoyt na Herb Pennock, warushaji wawili waliokuja kuingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, nao walikwenda New York kwa mkono wa Frazee. Yankees, ambao hawakuwa wamewahi kutwaa kombe hata moja, walilitwaa mwaka 1923. Red Sox ilishika mkia wa American League mara 9 kati ya 1922 na 1932. Timu iliyouza warushaji wake na mpigaji wake haihitaji laana ili ishindwe.

Na neno hilo, laana, lilichelewa sana kuja. Lilianza kuvuma kwenye magazeti baada ya fainali ya 1986, na likakita mizizi kupitia kitabu cha mwandishi wa Boston kilichotoka mwaka 1990, Ruth akiwa amefariki miaka zaidi ya arobaini nyuma. Hakuna kumbukumbu kwamba yeye aliwahi kuiapiza timu.

Sababu isiyopendwa kusimuliwa

Kuanzia 1933 timu ilikuwa mali ya Tom Yawkey, tajiri asiyebana mfuko. Basi kwa nini ukame uliendelea? Jibu kubwa, kwa maoni yangu, ni ubaguzi wa rangi.

Tarehe 16 Aprili 1945 wachezaji watatu Weusi walifanyiwa majaribio Fenway Park: Sam Jethroe, Marvin Williams na Jackie Robinson. Hakuna aliyepewa mkataba. Miaka miwili baadaye Robinson aliichezea Brooklyn Dodgers na kuvunja ukuta wa rangi katika ligi kuu. Timu zote nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine, na Red Sox ikawa ya mwisho kabisa kati ya 16: ilimchezesha Pumpsie Green Julai 1959. Kwa miaka 12, wapinzani walikuwa wanachagua wachezaji kutoka kapu zima nayo ikichagua kutoka nusu kapu. Ukiiita hali hiyo laana, unamwondolea lawama aliyeamua.

Hata hivyo walikuwepo wachezaji wazuri wa kuwafikisha fainali, na hapo ndipo mikasa ilipotokea. Mwaka 1946 walifungwa na St. Louis Cardinals katika mchezo wa saba, 4–3. Mlinzi wao wa katikati, Dom DiMaggio, alikuwa ametoka kwa jeraha. Mpira uliopigwa kule ukashughulikiwa na mbadala wake, na Enos Slaughter akakimbia kutoka kituo cha kwanza hadi nyumbani bila kusimama. Mwaka 1967 Cardinals waliwafunga tena katika mchezo wa saba. Mwaka 1975 ulikuwa mtamu zaidi: Carlton Fisk alipiga homurani ya awamu ya 12 dhidi ya Cincinnati, akawa anaupungia mpira mikono kuusihi ubaki ndani ya mistari, nao ukagonga nguzo ya mpaka. Boston ikashinda mchezo huo wa sita 7–6. Kesho yake ikapoteza wa saba.

Oktoba 1978 Boston na Yankees walimaliza msimu sawa, ukachezwa mchezo mmoja wa kuamua, Fenway. Upande wa kushoto wa uwanja huo kuna ukuta wa kijani wenye urefu wa mita 11.3, lakini uko kama mita 94 tu kutoka kwa mpigaji. Mpira mkali unaokwenda chini chini hugonga ukuta na kurudi, ilhali mpira wa juu usio na nguvu nyingi huuvuka. Bucky Dent wa Yankees, asiyejulikana kwa nguvu, aliupiga mpira wa namna hiyo ya pili wenzake wawili wakiwa vituoni. Yankees 5, Boston 4. Uwanja wa Boston uliiadhibu Boston.

Usiku wa Buckner

Sasa tufike 25 Oktoba 1986, uwanja wa Shea, New York, dhidi ya Mets. Boston inaongoza fainali kwa michezo 3 dhidi ya 2. Ikishinda leo, kombe ni lake. Mchezo umekwenda awamu ya 10, na Boston imepata pointi mbili: 5–3. Mets wanapiga mwisho, wakiwa wenyeji. Wapigaji wao wawili wa kwanza wanatoka. Anahitajika mmoja tu. Ubao wa uwanja ukawasha kwa kitambo kidogo maandishi ya kuipongeza Boston.

Fuatilia mfululizo huu kwa makini, maana hapa ndipo uongo ulipozaliwa. Mrushaji ni Calvin Schiraldi. Gary Carter anapiga, anafika kituo cha kwanza. Kevin Mitchell naye anapiga, anafika. Ray Knight ana straiki mbili, imebaki moja, naye anapiga: Carter anarudi nyumbani, 5–4, na Mitchell yuko kituo cha tatu. Kocha John McNamara anambadilisha Schiraldi na kumleta Bob Stanley.

Anakuja Mookie Wilson, na kile kipengele cha mipira ya nje kinaanza kazi. Wilson ana straiki mbili lakini anaipangua mipira nje ya mistari, mmoja baada ya mwingine. Mpira wa saba wa Stanley unakwenda kombo, karibu na miguu ya Wilson. Mdakaji, mlinzi anayekaa nyuma ya mpigaji, anaukosa, unakimbilia nyuma. Mitchell anaingia nyumbani. Ni 5–5. Knight anasogea kituo cha pili.

Hapo mchezo umeshakuwa sare, na Buckner hajagusa kitu.

Kwenye mpira wa kumi Wilson anaupiga chini, pole pole, kuelekea kituo cha kwanza. Buckner anainama, mpira unapita kati ya miguu yake, Knight anarudi nyumbani mbio, 6–5. Angeuokota, kuna uwezekano mkubwa Wilson angetoka, au hata angefika kabla, kwani alikuwa na mbio. Kwa vyovyote lililokuwa mezani lilikuwa awamu ya 11, si kombe. Ni kama beki aliyejifunga dakika za nyongeza mkiwa 2–2, huku mechi ya marudiano bado haijachezwa. Mchezo wa saba ulikuwepo, tarehe 27. Boston iliongoza 3–0 katika mchezo huo, kisha ikafungwa 8–5.

Liko na swali la kwa nini Buckner alikuwa uwanjani wakati ule. Alikuwa na umri wa miaka 36 na vifundo vya miguu vilivyochakaa kiasi kwamba kuinama kwake ilikuwa kazi. Katika michezo waliyoshinda Oktoba ile, McNamara alikuwa na kawaida ya kumtoa mwishoni na kumwingiza Dave Stapleton, mlinzi mwepesi zaidi. Usiku huo hakufanya hivyo. Kwa hiyo ukitaka kugawa lawama, gawa kwa haki: mapigo matatu mfululizo dhidi ya Schiraldi, mpira wa Stanley uliokwenda kombo, uamuzi wa kocha, na ndipo kosa la Buckner. Picha ya televisheni ilibakiza moja tu. Buckner, mtu aliyepiga mapigo 2,715 yaliyomfikisha kituoni, idadi ambayo wachezaji wengi wa Ukumbi wa Umaarufu hawakuifikia, akaishi na picha hiyo.

Mbio za Roberts

Kundi la John Henry, lile lile lililokuja kuinunua Liverpool, liliinunua timu mwaka 2002, na Novemba mwaka huo likamteua Theo Epstein, mwenye miaka 28, kuwa meneja mkuu. Waliamini hesabu. Oktoba 2003 kocha Grady Little akaamini macho: katika mchezo wa saba wa fainali ya American League dhidi ya Yankees, wakiongoza 5–2 awamu ya nane, alimwendea mrushaji wake Pedro Martínez aliyeonekana amechoka, akaongea naye, akamwacha aendelee. Pedro alirusha mipira 123 kwa jumla. Yankees walisawazisha, na Aaron Boone akamaliza kwa homurani ya awamu ya 11. Little hakupewa mkataba mwingine.

Tarehe 31 Julai 2004 Epstein alifanya biashara kadhaa. Ile iliyopigiwa kelele ni kuondoka kwa nyota Nomar Garciaparra. Ile ambayo wachache waliijali ni kuja kwa Dave Roberts kutoka Dodgers, mchezaji wa akiba mwenye mbio.

Oktoba ikawakutanisha tena na Yankees katika fainali ya American League, ambao walishinda michezo mitatu ya kwanza, wa tatu kwa 19–8. Katika besiboli ya ligi kuu hapakuwa na timu iliyowahi kutoka 0–3 ikashinda. Mchezo wa nne, usiku wa 17 Oktoba, Yankees wanaongoza 4–3, awamu ya tisa, na anayerusha ni Mariano Rivera, mrushaji bora aliyewahi kuwepo wa kumalizia michezo. Rivera anamrushia Kevin Millar mipira minne mibovu. Millar anapata kituo cha kwanza, na mara moja anatolewa, anaingia Roberts. Uwanja mzima unajua atafanya nini: ataiba kituo cha pili, yaani atakimbia wakati mrushaji anarusha, bila kungoja mpira upigwe.

Hesabu ya wizi huo ni hii. Mrushaji wa kiwango cha juu huchukua kama sekunde 1.3 tangu aanze mwendo hadi mpira umfikie mdakaji. Mdakaji huchukua kama sekunde 2 kuudaka, kuinuka na kuutupa mita 38.8 hadi kituo cha pili. Jumla, sekunde 3.3 hivi. Mkimbiaji akishasogea hatua kadhaa kutoka kituoni, anabakiwa na zaidi ya mita 23, na analazimika kuzimaliza kwa muda huo huo, akimalizia kwa kuteleza. Kwa hiyo kinachoamua ni ile hatua ya kwanza. Akiondoka mapema, mrushaji ataugeuzia mpira kituo cha kwanza na kumnasa. Akichelewa kidogo tu, mpira utamtangulia.

Rivera aligeuka na kuurusha mpira kituo cha kwanza mara tatu ili amrudishe. Roberts, aliyekuwa ametoka kwenye benchi na baridi, alipata nafasi tatu za kupasha miguu na kuusoma mwendo wa Rivera. Rivera aliporusha kwa mpigaji kwa mara ya kwanza, Roberts aliondoka. Mdakaji Jorge Posada alitupa vizuri, Derek Jeter akashusha glavu, na mkono wa Roberts ulikuwa umeshagusa kituo. Msimu ule alikuwa ameiba vituo 38 na kunaswa mara 3 tu. Boston haikubahatisha ilipomchagua.

Bill Mueller akapiga katikati, Roberts akarudi nyumbani, 4–4. Awamu ya 12 David Ortiz akapiga homurani. Mchezo wa tano ulikwenda awamu 14, Ortiz tena. Katika wa sita alirusha Curt Schilling, ambaye kano ya kifundo chake cha kulia ilikuwa inateleza kutoka mahali pake. Madaktari walishona ngozi na tishu za chini yake ili kuizuia isihame, na soksi ikaonekana na damu huku akirusha awamu saba. Mchezo wa saba, 10–3. Kisha Cardinals walifungwa 4–0 katika World Series, na kombe likapatikana tarehe 27 Oktoba 2004, usiku wa kupatwa kwa mwezi.

Yakafuata makombe ya 2007, 2013 na 2018. Jumla sasa ni 9. Buckner aliitwa Fenway Aprili 2008 kurusha mpira wa ufunguzi wa msimu, na umati ulisimama kumpigia makofi kwa muda mrefu. Alifariki Mei 2019. Roberts akawa kocha wa Dodgers, na ndiye aliyekuwa benchi la wapinzani Boston ilipochukua kombe la 2018.

Nyota wa kombe hilo, Mookie Betts, aliuzwa kwa Dodgers Februari 2020 pamoja na mrushaji David Price. Dodgers walimpa mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 365, wakatwaa kombe mwaka huo huo, kisha 2024 na 2025. Boston haijarudi fainali tangu 2018, na wapo walioanza kusema kuna laana mpya. Betts alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba, hawakuelewana juu ya malipo yake ya baadaye, na wamiliki walitaka kushuka chini ya kiwango cha mishahara ambacho timu ikikivuka hutozwa kodi. Mashabiki wa Liverpool wanaobishana kila msimu wa usajili kuhusu mfuko wa wamiliki hao wanabishania maamuzi ya watu wale wale.